Kikomo Kimoja kwa Damu Zote

1

Hakimu mstaafu Sekela Mwandemele alikuwa anatokwa damu puani tangu asubuhi, na taa ya mkononi mwake ilikuwa bado inawaka kijani.

Hilo ndilo lililomchekesha. Aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, kitambaa kimelowa chini ya pua, akanyoosha kifundo cha mkono mbele ya macho ya Daktari Tumpale Kasyupa ili aione vizuri ile taa ndogo iliyopandikizwa chini ya ngozi. Mbeya nzima ilikuwa na taa hizo wakati huo. Mwenye kijani alikuwa na mafuta machache kwenye damu, kwa hiyo alikuwa raia mwema: alihudumiwa kwanza benki, aliuziwa nyama bila maswali, akifika hospitali manesi walisimama kumpokea. Mwenye nyekundu alisogezwa mwisho wa kila foleni, hata foleni ya kupasuliwa moyo. Harusini aliwekewa meza yake pembeni na bakuli la mboga za kuchemsha.

"Nimefaulu, Daktari," Hakimu alisema kwa sauti iliyoziba. "Mkinizika, uacheni mkono nje. Watu waone nilikufa nikiwa msafi."

"Umeanza lini kutoka damu?"

"Puani ni leo. Fizi ni tangu wiki iliyopita. Huko kwingine nitakutajia mlango ukifungwa."

Tumpale akafunga mlango. Hakimu akamwambia kwamba choo chake kilikuwa cheusi kama lami, na kwamba kupanda ngazi tatu za kanisani kulimfanya aone nyota.

Tumpale alikuwa daktari wa damu, mkuu wa kliniki ya vali za moyo katika hospitali ya kanda, mwanamke wa maneno machache ambaye wenzake walimwogopa kwa sababu uso wake haukuficha alichowafikiria. Alimchoma Hakimu, akaitia damu kidogo kwenye kikombe cha kipima-mgando, na wote wawili wakageukia kioo. Mashine ile ilichora mstari. Damu nzima ikianza kuganda, mstari hugawanyika mara mbili na kutanuka, ukawa na umbo la samaki aliyenona. Mstari wa Hakimu ulikwenda moja kwa moja, ukaendelea kwenda, kisha ukatanuka kidogo na kufumba tena, kama mtu aliyeulizwa swali akafungua mdomo na kuufunga bila kujibu.

"Hiyo ndiyo damu yangu?"

"Hiyo ndiyo."

"Haina msimamo."

"Ilikuwa nao. Wameuondoa."

Akamweleza kwa kifupi, maana Hakimu hakupenda kubembelezwa. Vali ya moyo wake ilikuwa imekakamaa kwa miaka mingi na mlango wake umekuwa mwembamba. Damu ilipopenya hapo ilibanwa, na nyuzi ndefu za protini zinazosaidia chembe sahani za damu kushika jeraha zilikatikakatika. Mtu mwenye vali ya namna hiyo hutokwa damu kwa urahisi. Lakini Hakimu aliishi nayo salama, kwa sababu alikuwa na lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, ya kutosha. Chembe sahani zikipata lehemu huwa kali, hukamatana upesi. Kile ambacho vali ilikuwa inaharibu, mafuta yalikuwa yanakifidia.

"Halafu Mamlaka ya Damu ikashusha kikomo cha mafuta," Tumpale alisema. Aligusa uvimbe mdogo chini ya mtulinga wa Hakimu, mahali kilipokaa kidhibiti. Kila mwenye vali mbovu alipandikizwa kimoja, na wakubwa wengi wenye moyo mzima walikiomba ili taa zao zikae kijani. Kilipima mafuta usiku na mchana, na yakizidi kikomo kilimwaga kimeng'enya cha kuyala. "Sasa hivi kinayala yote. Hujabakiwa na kitu cha kushikanisha damu."

"Nani aliyechagua kikomo hicho?"

"Profesa Mkindi."

"Yule wa kwenye mabango?"

"Huyohuyo."

Bango moja lilionekana hapohapo dirishani, juu ya barabara ya kwenda Uyole: uso wa Profesa, na chini yake maandishi, MGANDO NI ULAFI ULIOGANDA. Hakimu aliutazama ule uso kwa muda mrefu akiwa amebana pua.

"Nimesikiliza wezi wa ng'ombe na matapeli wa viwanja kwa miaka thelathini," alisema. "Kila mmoja wao alikuwa na utetezi wenye akili kuliko sentensi ile."

2

Profesa Elisante Mkindi, mkurugenzi wa Mamlaka ya Damu, alikuwa ameipanga ofisi yake ili mgeni ajione mdogo. Viti vya wageni vilikuwa vifupi kuliko chake. Zulia lilimeza nyayo. Katikati ya meza palikuwa na sahani ya matango yaliyokatwa vipande vyembamba na birika la maji ya moto, na wasaidizi wake waliyatafuna yale matango kwa nyuso za watu walio ibadani. Tumpale alijua kwamba mmoja wao hununua kitimoto, nyama ya nguruwe, kwa siri nyuma ya soko la Soweto na kuila ndani ya gari, taulo kifuani. Alimtazama akitafuna tango, naye yule bwana akainamisha macho.

Tumpale alikuwa mwanafunzi wa Profesa zamani. Mtu yule alikuwa na akili kweli, na hilo ndilo lililomuudhi. Mjinga angemvumilia.

Aliwaonyesha mistari ya damu ya Hakimu. Aliwaonyesha na ya mwalimu wa kwaya wa Iyunga, aliyevujia damu kichwani wakati wa mazoezi na kufa huku taa yake ikiwaka kijani. Aliwaambia kwamba wengine walikuwa njiani kufuata, na kwamba wenye vali nyembamba hawawezi kupimwa kwa kikomo kikali namna ile.

"Mwanangu Tumpale," Profesa alisema, akaweka vidole pamoja. "Mtu aliyezoea kula hovyo hupata taabu akianza kunyooka. Atalalamika kichwa, atalalamika tumbo. Damu nayo ni hivyohivyo. Inazoea."

"Mwalimu wa kwaya amezoea nini, Profesa? Kaburi?"

Wasaidizi wakaacha kutafuna.

"Nasikitika kwa msiba wake. Lakini tangu kikomo kishuke, viharusi vimepungua mjini. Unataka nirudi kwa watu niwaambie kuleni?"

"Nataka uwaambie ukweli. Wengi wa wagonjwa wangu vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyotokana na koo la utotoni ambalo halikutibiwa. Wengine wamezeeka tu. Walafi gani hao?"

"Wagonjwa wako," Profesa alisema polepole, "wamepata mtetezi hodari sana. Ningependa wangepata pia daktari."

Mmoja akacheka, na wengine wakamfuata wakishakuwa na uhakika kwamba inafaa. Kisha kicheko kikaisha, na katika ukimya wa zulia lile Tumpale akasikia tiki, tiki, tiki.

Wanafunzi wote wa zamani waliijua sauti hiyo. Profesa alivaa saa ya mishale, ya kizamani, na chuoni walikuwa wakitania kwamba saa yake inasikika hadi kantini. Tumpale aliketi kwenye kiti kifupi, macho yake yakiwa sawa kabisa na mkono wa Profesa juu ya meza. Akautazama mshale wa sekunde. Mshale ulisogea hatua moja. Sauti ilikuwa imelia karibu mara mbili.

"Mwalimu wa kwaya ana wajane wawili wa sauti," alisema ghafla, makusudi. "Waimbaji wake wa alto na tenori. Wote wana vali kama yake. Ukiwaua na hao, Profesa, utahitaji bango jipya."

Uso wa Profesa haukubadilika hata kidogo. Lakini ile tiki iliongeza mwendo, ikakimbia, kisha ikatulia polepole.

Saa haikasiriki.

3

Mtambo uliovipa vidhibiti vyote vya nyanda za juu kikomo chao ulikuwa kwenye jengo dogo la zege chini ya mlima Loleza, na fundi wake, Fidelis Nkwabi, alikuwa mtu mchangamfu aliyechoka kukaa peke yake na feni.

"Nataka kupandisha kikomo kwa wagonjwa wangu tu," Tumpale alimwambia. "Wale wenye vali nyembamba. Nitakupa majina."

"Haiwezekani, Daktari. Mtambo unapokea namba moja. Ukiipandisha, inapanda kwa kila mtu."

"Nani alitengeneza upuuzi huo?"

"Si sisi." Fidelis alijitetea kana kwamba ameshtakiwa. "Sisi tulimpelekea Profesa mtambo wa kumpa kila mtu kikomo chake, ni kazi rahisi mno. Akaturudishia. Akasema namba moja kwa wote, ndiyo haki."

Tumpale akatoka nje, akasimama kwenye baridi, mikono ndani ya koti. Alikuwa akilitazama jambo lile kama anavyotazama mstari kwenye kioo, akingoja litanuke.

Kikomo kile hakikuwa na maana. Kwa mtu mwenye moyo mzima kilikuwa kikali bila faida. Kwa mwenye vali nyembamba kilikuwa sumu. Ni damu moja tu ambayo ingekihitaji: damu ya mtu mwenye vali ya chuma, ambayo hupenda kukusanya mabonge ya damu, na tena awe na yale mafuta ya kurithi. Familia chache zina mafuta hayo. Hayatokani na chakula. Yanafanana sana na kile kimeng'enya cha mwili kinachoyeyusha mabonge, kwa hiyo hujipenyeza kwenye nafasi yake, hukaa pale, na bonge halivunjwi tena. Mtu wa namna hiyo ukimwachia mafuta yake kidogo tu, vali yake itashika bonge, na bonge litasafiri kwenda kichwani.

Na vali ya chuma hulia. Katika chumba kimya chenye zulia zito, hulia kama saa.

Namba iliyokuwa ikimuua Hakimu Sekela ilikuwa namba iliyomweka hai Profesa Elisante Mkindi. Alikuwa amezipima damu zote za watu kwa damu yake, kisha akaukataa mtambo ambao ungeonyesha kwamba yake ni ya pekee.

Tumpale alitarajia kukasirika. Alichokihisi kilikuwa cha baridi zaidi. Alimfikiria yule mtu akipita chini ya mabango yake mwenyewe kila asubuhi, taa yake ikiwaka kijani, na akamdharau kwa utulivu, kikamilifu, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake cha kila siku.

4

"Una vali ya chuma," alimwambia kesho yake asubuhi. Walikuwa wawili tu ofisini.

Profesa hakubisha. Aliivua saa yake, akaiweka ndani ya droo, akaifunga droo. Sauti ikaendelea kulia kutoka pale ilipokuwa siku zote, nyuma ya tai.

"Baba alikufa kwa kiharusi akiwa na nywele nyeusi," alisema. "Kaka zangu vilevile. Kwetu tulikula makande yasiyo na tone la mafuta, mwanangu, kwa sababu mafuta hayakuwepo. Usije kunifundisha habari za walafi."

"Basi unajua kwamba bango lako ni uongo."

"Bango langu ni dawa. Watu hawaelewi vali. Wanaelewa aibu. Ukiwaeleza habari za protini, wanasinzia. Ukiwaambia wanachukiza, wanaamka na kufanya wanachoambiwa. Nimefundisha miaka mingi kuliko wewe, nawajua."

"Na namba moja?"

"Kikomo changu kingekaa peke yake kwenye kioo cha fundi, ingechukua muda gani mtu kuuliza ni cha nani?" Alitabasamu. "Mkurugenzi wa Damu Safi, ana bonge kifuani. Wangenicheka mpaka Songwe."

"Kwa hiyo mwalimu wa kwaya alikufa ili usichekwe."

Tumpale akafungua mkoba wake.

"Wakuu wa kliniki tuna ufunguo wa dharura. Sheria hiyo uliiandika wewe. Unadumu mpaka kesho jioni, na mchana huu nautumia kupandisha kikomo. Wenye mafuta ya kurithi ninaowajua nimewaita wodini tangu jana, wanachomwa sindano za kuzuia mgando na watalindwa. Nimekuachia kitanda."

"Wodini? Katikati ya wale?"

"Kama hutaki wodi, sindano hii hapa. Nikuchome sasa, asijue mtu."

Profesa aliitazama sindano, kisha mkono wake. Wote wawili walijua. Dawa ile ikiingia mwilini, kijani huzima na taa huwa ya njano kwa siku kadhaa, na kesho asubuhi alikuwa na wageni wa kutoka Dodoma.

"Hutathubutu," alisema.

"Nitathubutu."

"Basi sema sababu. Unanidharau, Tumpale. Umenidharau tangu ukiwa darasani, ulikuwa unakaa nyuma na uso huohuo. Hiyo ndiyo sababu yako. Wagonjwa ni mapambo."

Maneno hayo yalimchoma penyewe. Tumpale alisimama akajipekua kwa uaminifu, kama anavyompekua mgonjwa. Kama mtu huyu angekuwa mtu anayempenda, angengoja? Angemwomba Hakimu atokwe damu siku moja zaidi, siku mbili, mpaka mpendwa wake akubali? Hakuwa na hakika. Alichojua ni kwamba asubuhi ile Hakimu alikuwa ameongezewa chupa ya pili ya damu, na ilikuwa inatoka kama ilivyoingia.

"Inawezekana," alisema. "Ndiyo maana nimekuja na sindano badala ya kukaa kimya."

Akaiweka mezani kando ya sahani ya matango, akamwonyesha mahali pa kuchoma tumboni, kana kwamba anamweleza mtu yeyote, na akaondoka. Kisha akaenda Loleza.

5

Kufikia jioni, maini ya watu wenye vidhibiti yalikuwa yameachiwa na yalirudisha mafuta kwa pupa. Taa zikaanza kubadilika. Waheshimiwa wawili walizuiwa mlangoni mwa benki na mlinzi aliyekuwa akiwapigia saluti asubuhi. Mke wa askofu alivaa glovu. Kwenye duka la nyama la Mwanjelwa watu wa kijani na watu wa nyekundu walijikuta kwenye foleni moja, wakitazamana vifundo vya mikono kwa mshangao wa watu waliokutana bafuni.

Pua ya Hakimu Sekela ilikauka kabla ya kifungua kinywa cha kesho yake. Tumpale akairudia ile damu kwenye kikombe, na mstari ukagawanyika, ukatanuka. Samaki mwembamba, lakini samaki.

"Sasa ina msimamo," Hakimu alisema.

Tumpale hakungoja kusifiwa. Alikuwa amelala vibaya. Alichukua gari la wagonjwa na nesi mmoja, akaenda Mamlaka bila kuitwa, akapita mapokezi ambako walimwambia Profesa hataki kusumbuliwa mpaka wageni wafike.

Alikuwa ofisini, ameketi kwenye kimoja cha vile viti vifupi vya wageni. Upande wa kulia wa mdomo wake ulikuwa umeshuka na mate yalikuwa yanaelekea kwenye tai. Mkono wa kulia ulining'inia. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika sindano, na kifuniko chake kilikuwa sakafuni. Alikuwa amefika hapo. Alikuwa ameamua, baada ya usiku mzima wa kutoamua, na mwili ukamkatalia katikati.

Alimtazama Tumpale. Jicho moja lilikuwa na hofu tupu, ya kawaida kabisa, ile ambayo Tumpale aliiona kila siku kwa watu waliovaa kandambili.

"Usiongee," alimwambia. "Tumekuwahi. Tulia."

Hospitalini walipitisha mrija mwembamba kutoka pajani hadi kichwani na kulinyonya bonge. Lilikuwa dogo kama punje ya mchele, jekundu lililofifia. Tumpale aliliona kwenye trei na akashangaa jinsi lilivyokuwa halina dharau yoyote. Kisha akaagiza mgonjwa alindwe kwa sindano kama wenzake, apelekwe wodini, kitanda cha nne, na kwenye ubao wa kitandani pasiandikwe jina mpaka aseme mwenyewe. Manesi walimtambua, lakini Tumpale aliwatazama mmoja mmoja, na ikawatosha.

6

Mwenyekiti wa bodi ya Mamlaka alipiga simu mchana. Alikuwa amesikia Profesa ni mgonjwa, hakuambiwa ugonjwa gani, na hakujali sana. Alichotaka ni kikomo kirudi.

"Ufunguo wako unaisha jioni, Daktari. Nusu ya wabunge wa kanda hii wana taa nyekundu. Nitawaambia nini?"

"Kwamba hawajafa."

"Nipe sababu ya kisayansi kwa nini namba ya Profesa si sahihi. Si mistari yako ya samaki. Namba ile ilitoka wapi, na kwa nini ni mbaya. Ukinipa hiyo naibadilisha moja kwa moja. Ukishindwa, jioni inarudi."

Tumpale akakata simu. Kwenye kitanda cha tatu, Hakimu Sekela alikuwa amekaa wima, amejifunika khanga mabegani.

"Jirani yangu analia tiki tiki," alisema kwa sauti ya chini. "Nimelala karibu naye asubuhi yote, na mimi si kiziwi wala kipofu; uso ule uko kwenye bango. Sababu anayoitaka huyo bwana wa simu imelala pale. Kwa nini humpi?"

"Ni siri ya mgonjwa."

"Yule si mgonjwa. Yule ni mshtakiwa."

"Kwenye wodi yangu hakuna washtakiwa, Mama."

"Unamwonea huruma?"

"Simwonei. Namdharau." Tumpale alisema bila kuinua sauti, na pazia la kitanda cha nne lilikuwa wazi. "Lakini yeye alisema mtu akidharauliwa haki zake zinapungua. Akaandika kwenye mabango. Nikimfichua kwa sababu namdharau, nitakuwa nimekubaliana naye."

Hakimu akafikiri. "Hiyo ni hukumu nzuri," alisema. "Na jioni tutatokwa damu tukiwa nayo."

Tumpale akaenda akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha nne. Profesa alikuwa macho. Mdomo ulikuwa umerudi kidogo, na maneno yalikuwepo, ila yalitoka moja moja kama wazee wakishuka ngazi. Alimpangusa mate. Akamweleza mwenyekiti ametaka nini, na jioni itakuwaje.

"Naomba ruhusa nimwambie," alisema. "Ukikataa, sitasema."

Profesa aligeuza uso ukutani.

Tumpale aliutazama upara ule, na sikio lile lililowahi kusikiliza majibu yake yote ya mtihani, na polepole akakumbuka jinsi mtu huyu alivyokuwa darasani: kilichomuuma zaidi hakikuwa kupingwa, kilikuwa kuelezwa vibaya.

"Basi," alisema, akainuka. "Nitamwambia tu kwa jumla, bila jina. Kwamba wako watu wenye mafuta ya kurithi, na kwamba mafuta hayo huyeyusha mabonge haraka mno, ndiyo maana—"

"Hu-zuia," ilisema sauti kutoka ukutani.

"Nini?"

"Huzuia. Ku-yeyuka." Profesa alikuwa amegeuka, jicho moja limemtoka kwa hasira. "Hukaa. Mahali. Pa kimeng'enya. Nili-kufundisha."

"Labda nimesahau. Na vali ya chuma hugandisha kwa sababu ya ulafi, sivyo?"

"Mpumbavu wee. Chuma. Ni chuma. Damu hai-taki. Chuma." Alipumua kwa shida. Tiki ilikuwa inakimbia. Alimtazama kwa muda, akaelewa alichofanyiwa, na dharau iliyopita usoni pake ilikuwa nzima kabisa, haikuguswa na kiharusi. "Huwezi. Kueleza. Wewe," alisema. "Lete. Simu."

Tumpale akampigia mwenyekiti, akamshikia simu mdomoni, kwa mkono mwingine ameshika kitambaa. Profesa alieleza. Ilichukua muda mrefu, maana alikataa kurukia hatua yoyote: vali, chuma, mafuta ya kurithi, kimeng'enya kilichoporwa nafasi yake, na kwa nini kikomo kinachomfaa mtu mmoja kama huyo huwaua wenye vali nyembamba. Alitaja namba. Alisema ilikotoka. Kwenye kitanda cha tatu Hakimu alikuwa amefumba macho, akisikiliza kama alivyosikiliza mashahidi.

"Samahani," mwenyekiti alisema mwishoni, amechanganyikiwa. "Sauti siitambui. Nazungumza na nani?"

Profesa akamtazama Tumpale. Tumpale hakumsaidia.

"Mkindi," alisema. "Kitanda. Cha nne."

Kikomo hakikurudi. Fidelis alirudisha kazini ule mtambo wake wa kwanza, kila mtu akapata namba yake, na mabango yakateremshwa moja moja, bila sherehe, na watu waliojifanya wanarekebisha nguzo. Hakimu Sekela alibadilishiwa vali mwezi uliofuata. Profesa hakurejea ofisini. Kila mwisho wa mwezi alikuja kliniki kwa fimbo, akakaa kwenye benchi na wengine, akalalamika kwa sauti kwamba daktari anachelewa na kwamba vipimo vimepangwa kijinga. Zamu yake ikifika, Tumpale alimsikiliza moyo, akampimia dawa, akamweleza namna ya kuitumia kana kwamba hajui.

Profesa hakuwahi kumshukuru. Tumpale naye hakuwahi kumheshimu, na hakuwahi kukosa kumpokea.